Mtoto Akishajua Kuruka Kitanda

Saa kumi kasoro alfajiri, ghorofa ya nne, Umoja, Nairobi. Nilisikia kishindo, kisha kimya, kisha vinyayo vidogo vikitembea sakafuni. Mwanangu, ambaye hakuwa ametimiza miaka miwili, alikuwa amevuka fito za kitanda chake, ametua, hajalia, naye anaelekea jikoni gizani. Nilimkuta kando ya ndoo ya lita 20, mkono mmoja umo ndani ya maji. Kifuniko cha ndoo ile nilikuwa nimefunikia ugali.

Tangu alfajiri hiyo nimebadili mawazo kuhusu jambo hili. Nilidhani cha kuogopa ni kuanguka. Uvimbe wa paji la uso hupungua kwa siku mbili. La kuogopa zaidi ni anayoyafanya mtoto baada ya kutua salama, nyumba nzima ikiwa imelala. Kwa hiyo sitakufundisha namna ya kuinua ukuta wa kitanda. Nitakuomba ukishushe kitanda, halafu ukitazame chumba kizima kana kwamba ndicho kitanda chenyewe.

Kitanda kimemwisha lini?

Usingoje aanguke ndipo ujue. Shusha godoro hadi chini kabisa, msimamishe mtoto ndani, uangalie ukingo wa juu unamfika wapi. Ukimfika kwenye chuchu au chini yake, kitanda hicho kimemwisha. Ukiwa na futi ya fundi, kimo cha sentimita 89 hivi ndicho ambacho madaktari wa watoto wa Marekani hukitaja kama mpaka. Na ukimwona amepandisha mguu juu ya ukingo hata mara moja, akiwa na kimo chochote kile, hesabu kwamba ameshatoka. Leo amejaribu, kesho atafaulu.

Watoto wengi hufika hapo kati ya mwaka mmoja na nusu na miaka mitatu. Kama wako ni mdogo zaidi na unataka kununua muda kidogo, ondoa ndani ya kitanda mito, dubu wa kuchezea na kila anachoweza kukanyaga kama ngazi. Kama upande mmoja wa kitanda ni mrefu kuliko mwingine, ule mrefu utazame chumba na ule mfupi uelekee ukutani. Kisogeze mbali na kochi, kabati na pazia.

Usimwite fundi aongeze fito. Nilimwita wangu, akaniambia, "Mama, tunapandisha futi moja tu, hatapita." Mtoto alipita wiki hiyo hiyo, na safari hii alianguka kutoka juu zaidi. Wala usifunike kitanda kwa neti iliyofungwa kamba pembeni, au kwa ubao. Mtoto anayesukuma kwa kichwa atapata pa kupenyeza shingo, na shingo ikishapita hairudi.

Nalo neno moja kuhusu vitanda vya mitumba. Vipo vile vizuri vya nje ambavyo upande mmoja hutelezeshwa juu na chini ili mama asiiname. Marekani ilipiga marufuku kuviuza kuanzia Juni 2011, kwa sababu upande ule ulikuwa unachomoka na kumbana mtoto. Vya zamani bado vinazunguka duniani kama magari ya mitumba. Kama chako ni cha namna hiyo, usimpe jirani mwenye mtoto mchanga. Na kama unampa cha kawaida, pima kwanza nafasi kati ya fito: kopo la soda likipita, nafasi ni kubwa mno.

Alale wapi sasa?

Jibu la bei nafuu ni godoro chini. Majirani watakuuliza kama mmeuza kitanda. Waache waulize. Mtoto anayelala sentimita 10 kutoka sakafuni akibiringika hupata mshtuko tu, kisha analala tena.

Lakini sakafu ya saruji ya Nairobi mwezi wa Julai si ya kuchezea. Tandika kwanza kadibodi kavu, juu yake mkeka au karpeti, ndipo godoro. Kila asubuhi lisimamishe ukutani upande wa chini upate hewa, maana usipofanya hivyo utakuta madoa meusi ya ukungu kabla ya mwezi kuisha, na kifua cha mtoto kitakuambia kabla ya macho yako kuona. Kwenye vyumba vya chini ambako maji hupanda ukutani wakati wa mvua, fremu fupi ya mbao ni bora zaidi.

Fremu hiyo mafundi wa Gikomba wanaitengeneza vizuri tu, mradi wewe ndiye utakayetoa kipimo. Wakiachwa watakupa kitanda cha kimo cha kawaida, kwa sababu Wakenya tunapenda kuhifadhi sanduku na viatu chini ya kitanda. Mwambie fundi kwamba ukisimama kando ya kitanda, godoro likiwa juu yake, lisivuke nusu ya muundi wako. Pembe aziviringishe kwa msasa. Kama unataka kizuizi pembeni, kisizibe upande wote. Acha mlango wa kutokea karibu na miguu. Mtoto asiye na njia ya kutoka ataruka, na ndiko tulikotoka.

Kuna kosa moja ambalo hata wazazi waangalifu hulifanya, nalo ni ufa kati ya godoro na ukuta. Ama kitanda kiguse ukuta kabisa, kiasi kwamba kidole hakipiti, ama kiwe mbali kiasi cha mkono mzima kutoka kiwiko hadi vidole. Nafasi ya katikati, ile inayotosha kichwa au kifua lakini haitoshi mtoto kupita, ndiyo mbaya. Angalia pia miguu ya kitanda kwenye sakafu laini ya vigae: huteleza usiku, na ufa uliouziba jioni unakuwa umefunguka alfajiri.

Kama kaka na dada zake wanalala kwenye dabodeka, kule juu si kwa mtoto aliye chini ya miaka sita. Hilo wengi wanalijua. Wanalosahau ni ngazi. Mtoto wa miaka miwili hahitaji kulala juu ndipo aanguke kutoka juu. Ngazi ikiwepo ataipanda kabla hujamaliza kukoroga uji. Ikiwa inachomoka, ichomoe wakubwa wakishapanda na uwarudishie asubuhi.

Tembea kwa magoti

Mtoto akilala, zima taa, washa tochi ya simu, upige magoti. Zunguka chumba kwa kimo chake. Utaaibika kidogo. Mimi nilikuta wembe, betri mbili za rimoti, na kitu kingine nitakachokieleza punde.

Anza na maji. Mitaa yetu mingi hupata maji kwa zamu, na siku ya zamu kila chombo hujazwa: ndoo, mabeseni, jerikeni, dramu. Mtoto wa umri huu ana kichwa kizito ukilinganisha na mwili wake. Akiinama juu ya ndoo akatumbukia, hawezi kujiinua, na hapigi kelele kwa sababu mdomo umo majini. Maji ya kina cha sentimita chache yanatosha. Maji yako yahamishie kwenye jerikeni zenye kizibo cha kukaza, au ndoo ziingie chooni na mlango ufungwe kwa komeo lililo juu ya kichwa chako, si la kimo cha kitasa. Beseni la kufulia limwagwe usiku huo huo, hata kama ulitaka kuyatumia maji yake kuosha choo kesho.

Halafu jikoni, ambako katika bedsita ni hatua tatu kutoka kwa godoro. Mtungi wa meko ufungwe valvu, si kitufe cha juu pekee, kwa maana vidole vinavyopanda kitanda hupenda sana kuzungusha vitu. Mafuta ya taa yasiwe kwenye chupa ya soda. Najua sote tumelelewa na mafuta ya taa kwenye chupa ya soda. Yatoe humo, pamoja na ile dawa ya kung'arishia nguo uliyopimiwa kioski. Ikitokea mtoto ameyanywa mafuta hayo, usimtapishe wala usimpe maziwa kwa nguvu. Mafuta yakirudi juu huingia kwenye mapafu. Mpeleke hospitali, ubebe na chupa.

Sasa kile kitu nilichokikuta. Kilikuwa pakiti ndogo iliyochanika, nyuma ya kabati, ikiwa na punje za rangi. Sumu ya panya. Nilikuwa nimeinunua mwenyewe miezi kadhaa nyuma kwa yule kijana anayepita na kipaza sauti akitangaza dawa ya panya, mende na kunguni, na nikaisahau. Kwenye kitanda cha fito mtoto hangeifikia. Godoro likishashuka sakafuni, amehamia ghorofa moja na panya, na kila tulichowategea panya tumemtegea na yeye. Kabla hujamlaza chini, ondoa sumu yote nyumbani, kila kona, hata ile unayodhani imeisha. Ziba matundu kwa saruji au kwa waya wa kusugulia sufuria, tumia mtego, chakula kifungwe. Kama umepuliza dawa ya kunguni, godoro na mtoto vikae nje ya chumba hadi pakauke na pawe na hewa. Kunguni watakuudhi, lakini hawajawahi kumpeleka mtu chumba cha wagonjwa mahututi.

Televisheni na makabati yana habari ndefu lakini nitafupisha. Kabati la plaiwudi lenye droo tupu chini na masanduku mazito juu huanguka mtoto akining'inia kwenye droo. Geuza: uzito chini, juu pabaki patupu. Landilodi akikataa usitoboe ukuta, televisheni ikae kwenye meza pana na fupi, isogezwe nyuma, na rimoti isiwekwe juu yake, kwa kuwa rimoti ndiyo anayoipandia. Ekstensheni ipite nyuma ya kochi. Waya wa chaja ya simu usikae karibu na pale anapolala.

Dirisha na roshani

Kila mtaa wa Eastlands, upande wetu wa Nairobi, una hatari yake. Nyumba za Buruburu, zilizojengwa kwa awamu kuanzia miaka ya 1970, nyingi zina ngazi ndani. Hapo unahitaji kigeti juu na chini, na kile cha juu kifungwe kwa skrubu ukutani, kisiwe cha kubana tu. Jericho na Maringo nyumba nyingi ni za chini, mlango unafunguka moja kwa moja uani, kwa hiyo komeo la juu ndilo jambo la kwanza. Pipeline, Tassia na Umoja shida ni roshani na dirisha, na hapa naomba tukae kidogo.

Simama roshanini mwako utazame. Mara nyingi kuna ukuta mfupi au vyuma, na mbele yake kuna jerikeni, beseni lililogeuzwa, jiko, stuli ya kuanikia. Hiyo ni ngazi uliyoijenga mwenyewe. Vitu vyote viende upande wa ukuta wa nyumba. Nafasi kati ya vyuma isizidi sentimita 10, ambayo ni takribani upana wa kiganja chako pamoja na kidole gumba. Vyuma vikiwa vya kulala badala ya kusimama, mtoto huvipanda kama ngazi. Funika upande wa ndani kwa wavu mgumu au bati laini hadi juu. Mlango wa roshani ufungwe kwa komeo la juu kila jioni, hata mkiwa macho, hata kama nguo hazijaanuliwa.

Dirisha la chumba anacholala liwe na grili, na godoro lisiwe chini yake. Kama ghorofa za juu hazikuwekewa grili, zungumza na msimamizi wa ploti, na uandike, usiseme tu mkipishana ngazini. Jiji la New York liliwalazimisha wenye nyumba mwaka 1976 kuweka vizuizi vya madirisha katika majengo ya fleti wanamokaa watoto wa miaka 10 na chini, na watoto wanaoanguka walipungua sana. Landilodi wako huenda asijali habari za New York. Basi mwulize kama atakubali kukata gharama ya grili kwenye kodi, maana swali la pesa hujibiwa haraka.

Kufuli

Hili ni gumu kulisema kwa sababu wanaolifanya hawalifanyi kwa ubaya. Mama anayefanya kazi ya zamu viwandani, au aliyeishiwa tokeni za umeme saa tatu usiku na anakimbia dukani, huona mtoto anayetoka kitandani ni salama zaidi akifungiwa kwa kufuli ya nje. Tafadhali usifanye. Nyumba zetu zimebanana, nyaya zimeungwaungwa, mshumaa hukaa juu ya kochi. Moto ukianza, jirani atakayekuja kusaidia ataikuta kufuli, na funguo unayo wewe kwenye foleni ya dukani. Mbebe uende naye, au mwombe jirani asimame mlangoni dakika tano. Nyumba zetu zina ubaya mwingi, lakini jirani aliye karibu hatujawahi kumkosa.

Na usiku mkiwa ndani, funguo ikae kwenye msumari mmoja kando ya mlango, kwa kimo cha mtu mzima, mahali ambapo kila mkubwa anaweza kuipapasa gizani. Ndani ya nyumba tumia kigeti kifupi badala ya mlango uliofungwa. Kigeti kinamzuia yeye, hakikuzuii wewe, na sauti yake unaisikia. Mimi hutundika kopo la maziwa lenye vijiwe juu ya mlango wa jikoni. Limeniamsha mara tatu. Mara mbili alikuwa paka.

Baridi ya Julai ikizidi, usiingize jiko la makaa chumbani, hata makaa yakiwa yamebaki mekundu tu bila moshi. Gesi yake haina harufu na huua usingizini. Mvalishe soksi na sweta.

Kumlaza na kumrudisha

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2019, linasema mtoto wa mwaka mmoja hadi miwili ahitaji usingizi wa saa 11 hadi 14 kwa siku, pamoja na ule wa mchana; wa miaka mitatu na minne, saa 10 hadi 13. Aliyechoka kupita kiasi hupanda zaidi, halali upesi zaidi. Mlaze mapema, kama saa mbili usiku, na mambo yafuatane vilevile kila siku: chakula, kuoga, choo, hadithi fupi, taa. Katika chumba kimoja mnamoishi nyote, pazia zito la kugawanya chumba hufanya kazi kubwa kuliko unavyodhani. Sauti ya televisheni ishuke. Kelele za matatu za barabara ya Outering na kesha la Ijumaa hutaziweza; bahati nzuri watoto wa Eastlands huzizoea kuliko sisi.

Usiku wa kwanza bila fito atatoka. Mrudishe kila anapotoka, bila hasira, bila mazungumzo, kwa maneno yale yale: "Ni saa ya kulala." Mimi niliacha kuhesabu baada ya mara kumi na nne. Usimcheke, ingawa utataka, kwa kuwa kicheko chako ni tuzo. Usiku wa tatu au wa nne mchezo huanza kumchosha. Kama mnatarajia mtoto mwingine, fanya badiliko hili miezi miwili hivi kabla, asione kwamba mgeni amemnyang'anya kitanda. Na kama mnahama mwisho wa mwezi, mwache kwanza aizoee nyumba mpya, ila grili na ndoo uzikague kabla mkokoteni haujaondoka.

Dada wa kazi au nyanya anayekusaidia naye aujue mpango huu wote. Nilimweleza shangazi yangu kila kitu isipokuwa komeo la chooni, na hilo ndilo aliloliacha wazi.

Akianguka

Akilia mara moja, akatulia, akacheza, mwekee kitambaa baridi umwangalie kwa saa 24. Anaweza kulala, ila mwamshe mara moja au mbili usiku uone kama anakutambua. Mkimbize hospitali ukiona lolote kati ya haya: alizimia hata kwa muda mfupi, anatapika tena na tena, ametetemeka kwa degedege, haamki vizuri, anatembea kama mlevi, maji au damu vinatoka puani au masikioni, au uvimbe ni laini kama tunda lililooza. Aliyeanguka kutoka roshanini usimwinue kwa kumkunja. Shingo na mgongo vikae sawa. Kwa wengi wa upande wetu Hospitali ya Mama Lucy Kibaki ndiyo ya karibu, na namba za dharura ni 999 na 112. Lakini saa nane za usiku usikae ukingoja ambulensi kama jirani ana gari au unajua mtu wa boda wa kuaminika; panga jambo hilo mchana, namba yake uiandike ukutani.

Kile kitanda chetu sikumpa mtu. Fundi alikivunja, na fito zake, zikiwa bado na alama za meno, ndizo kigeti cha mlango wa jikoni.